Filamu ya Mia na Moja

Wapenzi wa sinema wameingiwa na tabia ya kuhesabu. Kumi bora, hamsini bora, mia bora. Sisi wa ushairi hatuna haki ya kuwacheka, maana nasi tumekesha barazani tukibishana nani malenga wa kwanza na nani wa pili, kana kwamba mashairi ni mashindano ya ngalawa. Lakini katika kuhesabu huko mna dhulma moja, nayo ndiyo iliyonishikisha kalamu: filamu ya kutisha, hata iwe nzuri vipi, aghalabu huachwa kizingitini. Husifiwa, husemwa kwamba ilikaribia, kisha mlango ukafungwa.

Jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki wa dunia kila baada ya miaka kumi, tangu 1952. Katika orodha ya 2022, Psycho ya Alfred Hitchcock ni ya 31. The Shining ya Stanley Kubrick, iliyotoka 1980, imepewa nafasi ya 88; mwaka 2012 haikuwamo katika mia. Get Out ya Jordan Peele ni ya 95, sare na nyingine kadhaa, mojawapo ikiwa La Noire de... ya Sembène Ousmane wa Senegal. Yaani Mwafrika na kitisho wamebanana katika kiti kimoja cha nyuma. (Haki isemwe: Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty imekaa mbele kidogo, ya 66.)

Na kwetu je? Tukihesabu za Tanzania, twaitaja Girlfriend ya George Tyson ya 2003, twaitaja Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi wetu na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya 2001, ilikuwa ya kwanza kupelekwa na nchi hii kuwania Oscar, isiteuliwe. Ni hadithi ya mzimu wa bibi anayemjia mwanamke aliyefungika ulimi miaka mingi, lakini wanaoisifu huona haya kuiita filamu ya kutisha, kama ambaye angeiita hivyo angeivua joho. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hizo hazina joho la kuvuliwa. Hukumbukwa kwa kicheko, basi.

Mimi nasema mstari huu umechorwa pasipo mahali pake. Watunga orodha huuliza filamu inatisha kiasi gani, au ina hadhi gani ya sanaa. Ni wachache wanaouliza lililo kubwa zaidi: hofu hiyo inamwelekea nani? Nami sijui pahala pa kulipima swali hili kuliko Bariadi.

Bariadi ndiyo makao makuu ya mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, tambarare inayokwenda hadi jicho lichoke. Humo kimo kijiji cha Gamboshi, wengine huandika Gambosi, ambacho Kanda ya Ziwa nzima hukiita makao makuu ya wachawi. Husimuliwa kwamba usiku huwaka taa za jiji lisiloonekana mchana, na kwamba waliokufa kabla ya siku zao wamo humo, misukule, wakilimishwa. Mgeni akifika mchana huona nyumba, mashamba na watoto watokao shule.

Miaka kadhaa nyuma nilipita njia hiyo kwa basi. Tulipoiacha Lamadi na kuelekea Bariadi, nikamuuliza kondakta habari za Gamboshi. Akacheka. "Mzee, wewe si wa Unguja? Hebu tuambie kwanza, Popobawa wenu hajambo?" Basi zima likacheka, nami nikacheka nao.

Kicheko kile kilinikauka baadaye. Mwaka 1995, Popobawa alipovuka kutoka Pemba kuja Unguja, watu wakilala nje makundi kwa makundi, kijana mmoja mgonjwa wa akili, aliyekuja mjini kutafuta matibabu, alidhaniwa ndiye. Umati ukamuua. Popobawa hakuonekana, maiti ilionekana. Tumelihifadhi jinamizi katika masimulizi na katika filamu, na yule kijana hatumtaji.

Usukumani jambo hili lina umri mrefu zaidi. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa sababu kuni ni adimu, mama hupikia samadi kavu na miti ya pamba, moshi ukamla maisha yake yote. Sheria ya uchawi ya mkoloni ni ya 1928 na ingali vitabuni, panga haikuisoma. Mwezi Mei 2014, katika kijiji cha Gasuma mkoani Simiyu, mwanamke mwenye ualbino aliuawa kwa ajili ya viungo vyake. Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Sasa rudini kwenye filamu. Ni ngapi za kwetu ambamo mchawi ni bibi kizee wa kibanda cha mwisho, kaniki kiunoni, jicho jekundu limejaa kioo kizima, na muziki ukalia? Hizo zikiachwa nje ya orodha, wallahi sitozililia, hata zingekuwa na picha safi kama maji ya kisima. Zinatufundisha kumwogopa aliyekwisha kuogopwa hadi kuuawa. Shumileta anayechekwa ni jini. Jini hana jirani, hana shingo ya kukatwa, na mtazamaji akitoka bandani usiku hamjui wa kumfuata na panga. Kwa kipimo changu filamu hiyo, pamoja na mapungufu yake ya ufundi, ina adabu kuliko nyingi zilizoipita.

Nayo iliyoonewa kuliko zote ni White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopigwa picha Tanzania na kutuzwa Venice mwaka 2013 kuwa filamu bora ya kwanza ya mwongozaji. Mtoto mwenye ualbino anashuhudia baba yake akiuawa, kisha anakimbilia mjini, na mjini nako anawindwa. Hamna mzuka hata mmoja, na hofu yake ni ya watu wenye majina na njaa ya fedha. Sijaikuta katika orodha yoyote ya filamu za kutisha niliyoisoma. Nadhani kosa lake ni kwamba mauaji yake ni ya kweli.

Najua nitakavyojibiwa: sanaa haipimwi kwa hisani yake, mwachieni mtazamaji aamue. Wasukuma wana mahakama ya namna hiyo. Bagika na Bagalu hushindana ngoma uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Naipenda mahakama ile, na jopo la tamasha halinipi furaha kama hiyo. Lakini umati unaoamua ngoma mchana ndio huo huo unaobisha hodi usiku kwa kikongwe, na msanii anayeuvuta anajua, au apaswa kujua, anauelekeza wapi.

Watu hao hao wanayo hadithi ambayo sijaiona ikipigwa picha. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito, akamzaa Masala Kulangwa. Kijana akalikua, akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Wengi hulikatia simulizi hapo. Wanaoijua vyema huendelea: katika kupasua, kisu kilimkata kikongwe mmoja sikio, naye akatoka na ghadhabu, akataka kumroga mwokozi wake. Masala hakumnyanyulia mkono. Alikwenda kutafuta dawa, akalitibu lile sikio.