Ukifika Voi, usikimbilie ndovu tu

Likizo inakaribia na watoto wameanza kudai ndovu. Haya, Tsavo iko pale pale mlangoni pa mji wa Voi. Lakini mkishateremka garimoshi, tengeni siku moja mpande matatu ya Taveta.

Kabla ya kufika mtaona kilima cha Salaita. Ni kidogo, ukisinzia kitakupita. Hapo, Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini waliopigania Waingereza walitimuliwa na jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika.

Mjini Taveta ingieni makaburi ya vita. Waacheni watoto wasome majina kwenye mawe, kisha wawatafute wapagazi wa Kariakoo, wale waliobeba risasi na unga mpaka wakafa kwa njaa na maradhi. Watatafuta mpaka wachoke. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina popote. Huenda mmoja alikuwa wa ukoo wenu; waulizeni wazee kabla ya safari.

Jioni, kama nauli ingalipo, nendeni Ziwa Chala. Kutazama tu. Kuogelea humo ni hatari.