Kijana, usimwage bonasi yote kwa Mercedes

Hatukukatazi kununua gari la kifahari. Umechuma chai mwaka mzima, bonasi ya KTDA imeingia Oktoba, na barabara ya Kericho kwenda Nakuru inayopita hapa Chepseon ni ya kila mtu. Linalotukera ni hesabu inayoishia kwa bei ya gari. Unammalizia muuzaji akiba yote, kisha unasaka bima ya bei rahisi ili tu polisi wasikusumbue.

Bima hiyo ya thadi pati ndiyo sheria inakulazimisha uwe nayo, lakini humlipa yule utakayemgonga. Gari likiibwa usiku, wewe hupati hata shilingi! Wizi hufidiwa na bima kamili, au thadi pati iliyoongezewa moto na wizi. Kama pesa haitoshi gari pamoja na bima, basi bado hujafika kwa Benz. Kuna Toyota.

Na usidhani ufunguo wa kisasa unatosha. Gari linalofunguka bila kubonyeza chochote huibwa na watu wawili: mmoja husimama nje ya nyumba na kifaa cha kunasa mawimbi ya ufunguo ulioacha mezani, mwenzake yuko kando ya gari. Uhifadhi ndani ya mkebe wa chuma wenye kifuniko. Weka traka, tena ifichwe vizuri.

Na yule beste anayetaka ufunguo "dakika mbili tu" afike Londiani? Mwambie apande matatu.