Mizani Iliyo Peke Yake Mjini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, wiki hii tunazungumza na dada zetu wa miji iliyo mbali, wenye nia ya kufungua duka la mapambo.

Tuchukue mfano wa Tunduru, mkoani Ruvuma. Tangu miaka ya 1990 ardhi yake imejulikana ulimwenguni kwa vito vya thamani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vito hivyo huondoka vikiwa ghafi, na si ajabu bibi harusi wa hapo hapo kuagiza pete yake kutoka Dar es Salaam. Mwanamke atakayefungua duka katika mji kama huo atakuwa anawaondolea wenzake uzito wa safari na gharama.

Jambo la kwanza ni mtaji. Wengi huanza kwa bangili na mikufu ya mahari yao. Mahari ni mali ya mke. Mume hana haki ya kuyagusa pasipo ridhaa yake, na faida itokanayo nayo ni ya mke vilevile. Bibi Khadija (r.a.) alifanya biashara kwa mali yake mwenyewe, na ndiye aliyempa Mtume (s.a.w.), kabla ya utume, bidhaa azipeleke Sham. Iwapo mume ataongeza fedha, na isemwe wazi mapema: ni hiba, ni mkopo, au ni ushirika? Kisha iandikwe. Nyumba nyingi huingia fitina kwa sababu ya fedha iliyotolewa kwa mapenzi bila kutajwa jina lake.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Katika mji mkubwa mnunuzi akitilia shaka bei, huvuka barabara akapimishe kwa sonara mwingine. Katika mji wa mbali hakuna sonara wa pili. Mizani ya dada yetu iko peke yake, na anayeletewa bangili na mama ambaye mwanawe ni mgonjwa anajua kwamba mama huyo hana pa kwenda. Hapo ndipo imani hupimwa kabla ya dhahabu. Aipime mbele ya mwenyewe, ataje uzito na bei ya siku hiyo, na aseme kiwango chake: dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 tu za dhahabu kati ya 24, na zilizosalia ni madini mengine. Pambo la shaba lililopakwa rangi ya dhahabu si haramu kuliuza. Haramu ni kulinyamazia.

Jambo la tatu ni riba, ambayo katika biashara hii huingia bila kubisha hodi. Mteja huleta bangili kuukuu ya gramu 10 akapewa mpya ya gramu 8, wakaagana kwa furaha. Kwa jamhuri ya wanazuoni hiyo ni riba, kwani dhahabu kwa dhahabu hubadilishwa kwa uzito ulio sawa na mkono kwa mkono, hata kama moja ni kuukuu na nyingine ni mpya. Njia ya halali ni nyepesi: ainunue ile kuukuu, amkabidhi mteja fedha zake taslimu, kisha mteja awe huru kununua mpya hapo au kwingineko. Vilevile dhahabu na fedha haziuzwi kwa mkopo wala kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa kuwa noti tulizo nazo huchukua hukumu ya sarafu za dhahabu na fedha. Anayetaka kuwakopesha jirani zake na awakopeshe shanga na mapambo ya vito visivyotiwa dhahabu wala fedha. Humo hamna kizuizi hicho.

Tusisahau zaka. Bangili alizokuwa akizivaa, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, hazikuwa na zaka. Zikishageuzwa bidhaa, zimeingia katika hesabu. Mwaka ukitimia na mali ya biashara ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, atatoa asilimia 2.5, vito vya dukani vikiwemo. Na anayetaka kununua madini ghafi kwa wachimbaji, apate kwanza leseni kutoka Tume ya Madini, na ayafuate katika masoko ya madini ambayo serikali ilianza kuyafungua mwaka 2019. Mali ya magendo haina utulivu.

Nanyi akina baba, msimwone mke mwenye duka kuwa ameshika nafasi yenu. Matumizi ya nyumba yangali juu yenu; atakachokitoa yeye ni ihsani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awabariki dada zetu katika chumo lao, na aifanye mizani yao iwe shahidi kwao, wala isiwe shahidi dhidi yao. Amin.