Weka chini hiyo mashine, mchane mbwa wako

Jamani, joto la Dar likianza kukaza mwezi Desemba, huwa nayaona mambo haya mitaani kwetu: limbwa la kizungu, German Shepherd aliyenunuliwa kwa pesa nyingi, limenyolewa mpaka ngozi inaonekana. Ukimuuliza mwenyewe, anajibu kifua mbele: "Nimempunguzia joto."

Umempunguzia nini, ndugu yangu?

Tuambiane ukweli. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama wewe ukibanana kwenye daladala. Jasho lake ni kidogo tu, la kwenye nyayo. Joto analitoa kwa kuhema, ulimi nje. Kumnyoa mgongo ni kuuchukulia mwili wa mbwa kama wa binadamu. Isitoshe, mbwa wa aina hii ana manyoya ya matabaka mawili: ya nje ni magumu, yanazuia jua na mvua, ya ndani ni laini kama pamba. Ukifyeka yote, jua la saa saba linampiga kwenye ngozi. Na yakiota tena, wakati mwingine yanatoka mabaka mabaka.

Kinachomtesa ni manyoya ya ndani yaliyokwisha kufa, yakang'ang'ania humo humo na kushikana kama godoro kuukuu. Hewa haipiti. Dawa yake ni chanuo la meno marefu, si mashine ya kinyozi.

Na kazi yenyewe haihitaji shahada. Mchane kabla ya kumwogesha, maana fundo likilowa linazidi kukaza. Yagawe manyoya kwa mkono, chana kuanzia karibu na ngozi kwenda nje. Usisahau nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya mapaja, huko ndiko mafundo yanakojificha. Fundo usilivute ukalikata kwa mkasi: ngozi inavutika nalo, utamkata nyama. Mkasi wenye ncha butu unatosha kupunguzia manyoya ya katikati ya vidole na ya chini ya mkia. Ukichana hivyo utawaona na kupe, wale wale wanaoambukiza magonjwa ya damu yanayoua mbwa wengi huku kwetu.

"Sina muda." Lakini dakika 90 za Ligi Kuu ya Uingereza unazo, tena kila wikiendi! Mbwa anataka nusu saa, mara mbili kwa wiki.

Sisemi kunyoa ni haramu. Daktari wa mifugo akitaka kutibu kidonda, atanyoa. Mbwa kama Poodle, ambaye nywele zake hazikomi kurefuka, lazima apunguzwe. Ninachopinga ni uvivu kuvishwa kanzu ya huruma: mbwa hachanwi mwaka mzima, anafungwa mnyororo juani, bakuli la maji kavu, halafu ananyolewa tuseme anapendwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikutungwa kwa ajili ya punda peke yao. Kivuli, maji na chanuo, basi.

Na kama hiyo nusu saa huna, fuga mbwa wetu wa kienyeji. Manyoya yake mafupi, bei yake nafuu, na joto hili analijua kuliko sisi sote.