Mwendesha Pikipiki Ajue Hesabu Yake

Katika miji ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, vijana waliotoka shuleni hupeleka mizigo kwa pikipiki zao. Wengi hudhani bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, yawalinda. La! Sheria, Sura ya 405, yamkinga anayegongwa. Mguu wa mwendeshaji ukivunjika, bima hiyo haimlipi.

Kodi nayo ina mtego. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo ni asilimia 3 ya mapato yote, kabla ya kutoa petroli, kwa anayepita shilingi milioni 1 kwa mwaka. Asiyefika hapo hatozwi. Asiyeweka daftari atajuaje yu upande gani? Walimu, tulifundishe somo hili kabla kijana hajakabidhiwa ufunguo.