Tukate Faili kwa Mistari
Mwaka 2019 chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa Ndhiwa, Homa Bay. Migori nayo ikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuipokea. Maradhi haya huigizwa pia kwa hesabu ndani ya kompyuta, na matokeo huweza kufika mamilioni ya mistari. Wapo wanaoligawa faili kwa amri ya split wakifuata ukubwa wa baiti. Hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapotofautiana nao: kisu hicho hupita popote, hata katikati ya tarakimu, wagonjwa 1250 wakasomeka 12 huku na 50 kule. Amri ya cat huviunga vipande vyote sawasawa, lakini aliyetumiwa kipande kimoja tu hana habari. Heri tukate kwa mistari, kwa alama ya -l, kisha kila kipande kirudishiwe mstari wa vichwa, ambao split hukiachia kipande cha kwanza pekee.