Maoni: Ndugu ulioko Marekani, usidharau gari kuukuu ya vitesi za mkono

Simu ilikuja usiku, saa za Bukavu. Alikuwa mdogo wangu ambaye anaishi Kentucky, huko Marekani, pamoja na mke wake na watoto wanne. "Kaka, gari imekufa," aliniambia. Moteri ilikuwa inawaka vizuri, lakini ukitaka gari itembee, inanguruma tu pale pale. Fundi aliitazama na kusema ni bwati ya vitesi, ile ya otomatiki, na bei ya kuitengeneza ilikaribia bei ya gari yenyewe.

Sitataja aina ya gari wala aliyeiuza, kwani shida hii haiko kwa muuzaji mmoja. La muhimu ni kile kilichofuata. Kiwanda anachofanyia kazi kiko mbali na nyumba yake, na hakuna basi ya usiku. Siku chache alibebwa na rafiki, kisha rafiki akabadilishiwa zamu. Wiki ya tatu, kazi ikaisha. Na huku Bukavu, minervali ya watoto wawili wa dada yetu, ambayo yeye ndiye alikuwa anaituma, ikakosekana. Watoto wakarudishwa nyumbani.

Nilimuuliza swali moja: siku ile ya kununua, hapakuwa na gari nyingine? Akasema ilikuwepo, ndogo pia, ya Marekani pia, tena ya bei ya chini zaidi. Lakini ilikuwa ya vitesi za mkono. "Kaka, Marekani nani bado anakanyaga ambreyaji?" Huyu ni kijana aliyejifunza kuendesha Uvira, kwenye kamyoneti ya mjomba wetu, katika barabara ya mashimo na matope. Kile ambacho Wamarekani wengi hawakijui, yeye alikuwa nacho mkononi na mguuni. Akakiacha kwa kuogopa kuonekana mshamba.

Mawazo yangu ni haya: kwa ndugu zetu wanaofika Marekani na pesa kidogo, gari ndogo kuukuu ya vitesi za mkono inastahili kutazamwa ya kwanza, si ya mwisho. Nitaeleza kwa nini, na pia wapi wazo hili lina mipaka.

Gari hizi zimetoka wapi

Tusidhani kwamba Wamarekani walizaliwa na otomatiki. Mwishoni mwa mwaka 1959, viwanda vitatu vikubwa vya huko vilitoa gari ndogo kwa ajili ya mwaka wa 1960: Ford ilileta Falcon, Chevrolet ikaleta Corvair, na Chrysler ikaleta Valiant. Walitaka kuzuia wateja wasikimbilie gari ndogo za nje kama Volkswagen. Zote tatu zilitoka kiwandani na vitesi tatu za mkono. Aliyetaka otomatiki aliongeza pesa, na kwenye Falcon na Corvair otomatiki hiyo ilikuwa na vitesi mbili tu. Kwenye Falcon, mti wa vitesi haukuwa chini karibu na kiti, ulikuwa juu, ubavuni mwa usukani. Na vitesi ya kwanza ilikataa kuingia kama gari bado inatembea. Dereva alipaswa kusimama kwanza, au awe na ufundi wa kuilinganisha na mwendo wa moteri.

Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka mingi: vitesi za mkono ndizo za kawaida, otomatiki ni nyongeza ya kulipia. Ford Escort ya mwaka 1981 na Chevrolet Cavalier ya 1982 zilianza na vitesi nne za mkono, kisha zikapata tano. Saturn za miaka ya 1990, zile zenye milango ya plastiki, na Dodge Neon za mwaka 1995 hadi 2005, nazo zilikuwa na tano. Ford Focus ilipoingia Marekani kwa mwaka wa 2000, nayo vilevile.

Kisha watu wakazichoka. Mwaka 1980, karibu theluthi moja ya gari mpya zilizouzwa Marekani zilikuwa za mkono. Miaka hii ya karibuni hazifiki hata 2 kwa 100. Focus iliacha kuuzwa Marekani mwaka 2018, na Chevrolet Cruze, mrithi wa mbali wa Cavalier, ikaacha kutengenezwa huko mwaka 2019. Kwa hiyo anayetafuta leo gari ndogo ya Marekani yenye vitesi za mkono anatafuta gari iliyokwisha kutumika miaka mingi. Ndiyo soko la watu wetu.

Kwa nini ninazitetea

Sababu ya kwanza ni bei. Kitu ambacho wanunuzi wachache wanaweza kukiendesha, wanunuzi wachache watakigombania. Ndiyo maana gari ndogo ya kawaida yenye ambreyaji mara nyingi inakaa muda mrefu kwa muuzaji, na mwenye nayo anakubali kupunguza. Tena, kwa kuwa vitesi za mkono ndizo zilikuwa za bei ya chini tangu kiwandani, nyingi ya gari hizi hazina mapambo: vioo vinazungushwa kwa mkono, hakuna vifaa vingi vya umeme. Kwa mtu maskini huo si upungufu. Kitu kisichokuwepo hakiharibiki.

Sababu ya pili ni matengenezo, na hapa ndipo mdogo wangu aliumia. Bwati ya otomatiki ina mafuta yanayopita katika njia nyembamba, valvu ndogo ndogo na sahani nyingi za kushikana. Ikichakaa, lazima ifunguliwe yote au ibadilishwe, na huko Marekani hilo mara nyingi linapita dola 2.000, wakati mwingine zaidi sana. Bwati ya mkono ina meno ya chuma yanayokamatana. Kinachoisha kwanza ni sahani ya ambreyaji, kama vile kiatu kinavyoisha soli. Kuibadilisha si bure, kwa sababu lazima bwati ishushwe, na malipo ya fundi huko ni makali. Lakini ukishaibadilisha, bwati yenyewe inaweza kuendelea miaka mingi.

Tena ambreyaji hutoa onyo. Inaanza kuteleza wakati wa kupanda mlima, pedali inabadilika, unasikia harufu ya kuungua. Unapata muda wa kutafuta pesa. Otomatiki nazo hutoa dalili, lakini nyingine huzima ghafla usiku mmoja, na asubuhi huna kazi.

Sababu ya tatu ni esansi, na hapa lazima tuseme ukweli wote. Otomatiki mpya za leo, zenye vitesi nane au zaidi, zinaweza kutumia esansi kidogo kuliko za mkono. Lakini hatuzungumzi juu ya gari mpya. Neon ya otomatiki, hadi mwaka 2001, ilikuwa na vitesi tatu tu, wakati ndugu yake ya mkono alikuwa na tano. Kwenye barabara kubwa, ile ya vitesi tatu inalazimisha moteri kuzunguka kwa kasi kubwa saa nzima. Kwa mtu anayesafiri kila siku kwenda kiwandani, tofauti hiyo inaonekana kwenye mfuko.

Somo la Ford Focus

Kuna mfano mmoja ambao kila ndugu anayenunua gari Marekani angepaswa kuujua. Kwa gari za Focus za mwaka 2012 hadi 2016, na Fiesta za 2011 hadi 2016, Ford iliweka bwati ya aina nyingine, iliyoitwa PowerShift. Ilifanana na otomatiki kwa dereva, kwani haina pedali ya tatu, lakini ndani ilikuwa na ambreyaji mbili kavu zinazoendeshwa na kompyuta. Wenye gari wengi walilalamika: gari inatetemeka inapoondoka, inasitasita, inapoteza nguvu. Ford ililazimika kuongeza muda wa garanti kwa sehemu za bwati hiyo. Kesi ya pamoja ya wenye gari ilifika mahakamani, na makubaliano ya fidia yakathibitishwa mwaka 2020.

Sasa sikiliza. Katika miaka ile ile, Focus ile ile iliuzwa pia na vitesi tano za mkono. Hiyo haikuwa na PowerShift, kwa hiyo shida hiyo haikuihusu. Leo gari zote mbili ziko kwa wauzaji wa gari kuukuu. Mgeni anaona Focus safi, kilomita si nyingi, bei tamu, pedali mbili. Anashukuru Mungu na kulipa. Pembeni kuna nyingine yenye pedali tatu, anaipita. Akili ni mali, lakini akili bila habari haitoshi.

Sisemi kila gari ya PowerShift ni mbaya; nyingine zilitengenezwa upya na bado zinatembea. Ninasema usinunue bila kuuliza ni bwati gani, na bila kuona karatasi za matengenezo.

Permi ya kamyo

Kuna jambo jingine linalogusa vijana wetu wengi wanaotaka kuendesha kamyo kubwa huko. Kwa permi ya kawaida ya gari ndogo, Marekani haiangalii umefanya mtihani na bwati gani. Lakini kwa permi ya kamyo ni tofauti. Ukifanya mtihani na kamyo ya otomatiki, permi yako inaandikwa herufi E, yaani huruhusiwi kuendesha kamyo ya vitesi za mkono. Ni kweli kwamba makampuni mengi sasa yananunua kamyo za otomatiki. Lakini kijana anayetafuta kazi ya kwanza hana sababu ya kujifungia mlango yeye mwenyewe.

Gari ndogo haitakufundisha yote, kwa kuwa bwati za kamyo nyingi kubwa hazina kifaa cha kulainisha uingiaji wa vitesi na zinadai ufundi wake. Hata hivyo, anayekanyaga ambreyaji kila siku akienda kazini tayari anajua kusikiliza moteri. Anaanza mbele ya yule asiyejua kabisa.

Wanaopinga wana haki wapi

Kwanza, usalama. Gari ya mwaka 1998, ya mkono au ya otomatiki, haimlindi mtu kama gari ya mwaka 2015. Kama una watoto na pesa inatosha gari ya karibuni iliyo salama zaidi, chukua hiyo. Sitaki mtu aniambie kesho kwamba nilimshauri kuokoa dola na kupoteza mtoto.

Pili, familia. Ikiwa mke hajui vitesi za mkono na yeye ndiye anapeleka watoto kwa daktari, gari hiyo ni ya mtu mmoja tu. Jibu langu: mfundishe. Jumapili moja baada ya nyingine, katika uwanja mtupu wa maegesho, wiki chache zinatosha. Wala tusifanye kana kwamba pedali ya tatu ni ya wanaume. Lakini mwenye maumivu ya goti au mguu wa kushoto, huyo achukue otomatiki bila aibu.

Tatu, kuuza tena. Kile kilichokufanya ununue kwa bei ya chini kitakufanya uuze kwa bei ya chini. Hiyo ni haki ya soko.

Kabla ya kulipa

Anayekubali mawazo haya afanye mambo manne. Moja: atazame chini ya gari. Katika majimbo ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kwa ajili ya theluji, na chumvi inakula chuma. Hata Saturn yenye milango ya plastiki ina chuma chini yake. Mbili: mahali pa tambarare pasipo na mtu mbele, avute freni ya mkono, akanyage freni ya mguu, aweke vitesi ya tatu na kuachilia ambreyaji polepole. Moteri ikizima, ni vizuri. Ikiendelea kuzunguka, ambreyaji imekwisha. Tatu: aendeshe na kuingiza kila vitesi, kupanda na kushuka. Chuma kikilia wakati wa kuingiza ya pili, bwati imechoka. Nne: alipe fundi asiyejuana na muuzaji aikague. Pesa hiyo ndogo ndiyo ingeokoa kazi ya mdogo wangu.

Yeye sasa amepata kazi nyingine na anabebwa na jirani wakati anaweka akiba. Juma lililopita alinitumia picha ya gari: ndogo, rangi imefifia, pedali tatu. Aliniuliza, "Kaka, unaonaje?" Nikamwambia atazame chini kwanza, kisha anipigie tena. Watoto wa dada bado wako nyumbani, na wao pia wanasubiri jibu la fundi.